Bima ya Gari na Kodi ya Mke wa Pili



Kuna ubishi mmoja ambao ukiuanzisha mbele ya vijana wa mjini, hasa wale waliotoka kununua gari la kwanza kwa mkopo wa benki, hauishi mpaka chai ipoe. Ubishi wenyewe ni huu: je, ni haki mwanamke alipe bima ya gari pungufu kuliko mwanamume, kwa sababu tu yeye ni mwanamke? Akina dada hujibu haraka kwamba ni haki tupu, maana nani asiyejua kwamba wanaoendesha kama wanafukuzwa ni akina kaka? Akina kaka nao huja juu: mimi sijawahi kugonga hata kuku, kwa nini nilipie makosa ya mwanamume mwenzangu nisiyemjua?

Mimi sina gari, nina nauli ya daladala na miguu miwili. Lakini kwetu ni Kyela, na nadhani historia ya kwetu ina neno la kusema katika ubishi huu, ingawa historia hiyo ilianza kabla gari la kwanza halijafika kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa. Naomba mnivumilie. Nitaanzia mbali kidogo, Ulaya na Marekani, halafu nitarudi Mwaya na Ipinda.

Dalili badala ya kitu chenyewe

Tuanze na bima yenyewe. Bima ni mchango, kama ule wa msiba. Wengi wanatoa kidogo kidogo, na yule aliyepatwa na jambo ndiye anayepewa. Tofauti ni kwamba kwenye msiba mnapanga kiwango kimoja, au kila mtu anatoa kwa uwezo wake, wakati kampuni ya bima inapanga mchango kwa kuangalia nani ana uwezekano mkubwa wa kuleta hasara. Shida ni kwamba kampuni haiwezi kukaa na wewe garini kila siku. Haijui kama unakunywa bia mbili kabla ya kushika usukani au kama unajibu ujumbe wa simu huku unaovateki. Kwa hiyo inatafuta dalili: umri wako, aina ya gari, mahali unapoishi. Na katika nchi nyingi, kwa miaka mingi, dalili mojawapo ilikuwa jinsia.

Tuseme ukweli, dalili hii haikuokotwa jalalani. Shirika la Afya Duniani linasema wanaume hufa katika ajali za barabarani takribani mara 3 ya wanawake. Kampuni iliyomtoza kijana wa kiume wa miaka 20 zaidi ya dada yake haikuwa ikitunga hadithi, ilikuwa ikisoma vitabu vyake vya madai.

Hata hivyo, tarehe 1 Machi 2011, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya huko Luxembourg ilitoa hukumu katika kesi iliyotokana na malalamiko ya chama cha walaji cha Ubelgiji kiitwacho Test-Achats. Umoja wa Ulaya ulikuwa na agizo la mwaka 2004 lililokataza ubaguzi wa kijinsia katika bidhaa na huduma, lakini agizo hilo hilo liliacha mlango wazi: nchi zingeweza kuruhusu bima itofautishe bei kwa jinsia kama takwimu zinaonyesha tofauti. Mahakama ikasema mlango huo hauwezi kubaki wazi milele, na ikaamuru ufungwe kuanzia tarehe 21 Desemba 2012. Tangu siku hiyo mikataba mipya ya bima katika Umoja wa Ulaya haitakiwi kuwa na bei ya kike na bei ya kiume.

Je, wanaume na wanawake wakaanza kulipa sawa? Hapana. Uchambuzi wa bei uliofanywa baadaye Uingereza ulionyesha wanaume wameendelea kulipa zaidi kwa wastani. Kampuni ziliacha kuuliza jinsia, zikaendelea kuuliza gari lina injini kubwa kiasi gani, linatembea umbali gani kwa mwaka, mwenyewe anafanya kazi gani. Mwenye gari la mbio alilipa bei ya gari la mbio, awe kaka awe dada.

Kabla hamjashangilia, tuangalie upande wa pili. Dalili ya jinsia ni kisu chenye makali kuwili. Los Angeles, Marekani, idara ya maji na umeme ya jiji iliwahi kuwakata wafanyakazi wake wanawake karibu asilimia 15 zaidi ya wanaume kwa ajili ya mfuko wa pensheni. Hoja ilikuwa kwamba wanawake huishi miaka mingi zaidi, kwa hiyo watakula pensheni muda mrefu. Takwimu zilikuwa sahihi. Mwaka 1978 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema hata kama ni sahihi kwa kundi, hairuhusiwi kumtendea mfanyakazi mmoja mmoja kana kwamba yeye ndiye kundi, maana kuna wanawake wengi watakaokufa mapema na walikuwa wamekatwa kwa ajili ya uzee ambao hawakuuona. Kwa hiyo dada yangu anayeshangilia punguzo la bima ya gari ajue kwamba hesabu hiyo hiyo, kwa mantiki hiyo hiyo, ndiyo itakayompunguzia mshahara kwenye pensheni.

Sasa turudi nyumbani.

Kwetu inauzwa bima ya chombo

Ukienda kukata bima Kyela mjini, mazungumzo yanaanza na gari, si na wewe. Bima ndogo, ile inayomlinda mtu mwingine utakayemgonga, imezoeleka kuwa shilingi 118,000 kwa gari dogo la binafsi, ukiweka na VAT ya asilimia 18. Bima kubwa inahesabiwa kwa thamani ya gari, asilimia 3.5 kwa gari la binafsi, kwa hiyo gari la milioni 10 unaanzia 350,000 kabla ya VAT. Bodaboda ina kiwango chake, gari la abiria lina chake, lori lina chake. Mwalimu wa kike wa sekondari anayeendesha taratibu na mdogo wake wa kiume anayelala kwenye kona, wakiwa na magari yanayofanana, wanaanzia bei moja.

Mfumo huu una historia yake. Shirika la Bima la Taifa, NIC, lilianzishwa 1963, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 biashara yote ya bima ikawekwa mikononi mwake. Kwa karibu miaka 30 hapakuwa na ushindani, na pasipo ushindani hapana sababu ya kumchunguza mteja mmoja mmoja. Sheria ya 1996 ikafungua milango kwa kampuni binafsi, na sheria ya 2009 ikaipa nguvu TIRA, mamlaka inayosimamia bima, ambayo hupanga viwango vya chini ili kampuni zisiuane kwa kushusha bei.

Lakini dunia inabadilika. Stika ya bima siku hizi ni ya kielektroniki na bima inakatwa kwa simu. Kampuni yenye taarifa za wateja laki kadhaa itajiuliza, mapema au baadaye: kwa nini tusitofautishe? Na dalili rahisi kuliko zote iko tayari kwenye kitambulisho cha taifa, ME au KE. Kwa hiyo swali la Ulaya litakuja kwetu. Tena nadhani lilishakuja, ila halikuitwa bima. Liliitwa kodi.

Serikali iliyohesabu nyumba

Mwaka 1879 msafiri wa Kiskoti Joseph Thomson alipita upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, akaisifia nchi ya Wakonde, yaani sisi Wanyakyusa na ndugu zetu, kana kwamba amefika peponi. Alivutiwa na migomba, usafi na nyumba zilizojengwa vizuri. Miaka 11 baadaye, kwa mkataba wa Julai 1890, Waingereza na Wajerumani waligawana nchi hiyo, na mto Songwe ukawa mpaka. Karonga ikaenda kwa Waingereza, Kyela na milima ya Rungwe kwa Wajerumani.

Wote wawili walikuwa na tatizo moja. Walitaka fedha za kuendesha utawala na walitaka watu watoke nyumbani wakafanye kazi ya mshahara. Lakini wangejuaje nani ana nini? Hapakuwa na hati za mshahara wala akaunti za benki. Utajiri wa Mnyakyusa ulikuwa ng'ombe, na ng'ombe wana miguu: leo wako kwako, kesho wako kwa shemeji bonde la pili. Kitu kisichotembea ni nyumba. Ng'ambo ya Songwe, Waingereza walianza kutoza kodi ya nyumba mapema miaka ya 1890. Upande wetu, Gavana Eduard von Liebert alitoa amri mwaka 1897, ikaanza kazi Aprili 1898: rupia 3 kwa nyumba ya kawaida ya shamba. Mwanzoni mtu aliweza kulipa kwa mazao au kwa kufanya kazi, ila kuanzia 1905 serikali ikataka fedha taslimu.

Msomaji wa haraka atasema kodi ya nyumba haina jinsia. Kwa desturi ya kwetu inayo. Mwanamume mwenye wake wengi hakuwaweka chini ya paa moja. Kila mke alikuwa na nyumba yake. Ukihesabu nyumba za mtu umehesabu wake zake. Mwenye wake wanne alilipa nyumba nne. Mtawala aliona hiyo ni haki kabisa: mke anaolewa kwa ng'ombe, kwa hiyo mwenye wake wengi ana ng'ombe wengi, na mwenye ng'ombe wengi alipe zaidi. Nyumba ikawa dalili ya mke, na mke akawa dalili ya mali.

Kama hesabu ya wastani, hakukosea sana. Monica Wilson na mumewe Godfrey, watafiti walioishi kwetu katikati ya miaka ya 1930, wameeleza jinsi ng'ombe na ndoa vilivyofungamana katika jamii ya Wanyakyusa, na jinsi wanaume wazee walivyokuwa na wake wengi huku vijana wakisubiri miaka mingi kuoa. Kwa wastani, mwenye nyumba nyingi alikuwa na uwezo kuliko asiyekuwa nazo, kama ambavyo kwa wastani kijana wa kiume anagonga zaidi kuliko dada yake. Shida ya wastani ni kwamba hauendi kulipa kodi. Anayekwenda ni mtu mmoja mmoja.

Chukua mambo mawili ya kwetu. La kwanza ni kurithi mjane. Ndugu akifa, mdogo wake alitarajiwa kuwachukua wake wa marehemu na watoto wao. Mtu huyo hakutoa ng'ombe kwa ajili ya kuoa upya. Alichokipata ni wajibu: mama wawili wazee wanaohitaji kuezekewa paa, na watoto wa kulishwa. Kwenye daftari la kodi anaonekana tajiri, nyumba tatu. Nyumbani kwake ni mtu aliyeongezewa mzigo wa msiba, halafu serikali ikauongezea mzigo huo bei.

La pili ni vijiji vya rika. Kwa Wanyakyusa wavulana walipofika kama miaka 10 walitoka kwenye kijiji cha baba zao wakajenga chao pembeni, na wakakua humo hadi kuoa. Ni jambo ambalo limefanya wasomi wa dunia waandike vitabu. Sasa jiulize daftari la nyumba lilimwonaje kijana asiye na mke wala ng'ombe, mwenye kibanda chake cha mianzi. Waingereza walipochukua nchi baada ya vita, sheria yao ya mwaka 1922 iliziba hata upenyo huo: mwenye nyumba alilipa kodi ya nyumba, na mwanamume mwenye nguvu asiye na nyumba alilipa kodi ya kichwa. Uanaume wenyewe ukawa dalili ya kuwa na uwezo wa kulipa.

Mke kama kifaa cha kupimia

Watu hawakukaa kimya, na namna walivyojibu ndiyo sehemu ya historia hii inayonigusa zaidi. Katika makoloni mengi yaliyotoza kodi ya nyumba watawala wenyewe waliandika kwamba watu walianza kujibana. Familia mbili zilihamia nyumba moja ili nyingine ibomolewe kabla karani hajapita. Wazee waliwekwa kwenye nyumba za watoto wao. Nyumba nzuri alizozisifia Thomson zikawa zinapimwa kwa jicho la karani: hii ina faida ya kusimama au inanigharimu bure? Na nani anayeondolewa kwanza katika hesabu ya namna hiyo? Si mke kijana mwenye watoto na shamba, ni mjane mzee.

Serikali ilipogundua kwamba nyumba zinapungua wakati watu wanaongezeka, katika miaka ya 1930 iliacha kujificha nyuma ya paa. Mwanamume akatozwa kodi yake, kisha akatozwa nyongeza kwa kila mke baada ya wa kwanza. Hii ndiyo kodi ya wake iliyochukiwa sehemu nyingi za Tanganyika na kukwepwa kadiri watu walivyoweza. Ukweli ukawa wazi: mke hahesabiwi kama mtu mwenye mali yake au deni lake, anahesabiwa kama kifaa cha kupimia mfuko wa mumewe.

Na fedha zenyewe zilitoka wapi? Wanaume wa Kyela na Rungwe walizifuata: Lupa huko Chunya, ambako dhahabu iliyogunduliwa miaka ya 1920 ilivuta maelfu ya vibarua, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na hadi Afrika Kusini kupitia Wenela, shirika la kuandikisha wachimbaji ambalo wazee wa kwetu bado wanalitaja kwa jina hilo. Walioweza kubaki waliuza mpunga wa bondeni au kahawa ya milimani.

Hapo ndipo hesabu inapogeuka. Kwa mila ya Kinyakyusa kulima kwa jembe lile zito la mwanzo wa msimu ilikuwa kazi ya mwanamume na vijana wake. Mwanamke alipanda, akapalilia, akavuna. Mwanamume akiwa Chunya au Johannesburg jembe halimsubiri, mvua za Kyela haziahirishwi. Likashikwa na aliyebaki. Stakabadhi ya kodi ina jina la mwanamume, lakini jasho lililoilipa lina majina mawili. Kodi iliyoandikwa kwamba ni ya wanaume iliwafikia wanawake bila kuwataja.

Na kutotajwa si zawadi. Nenda leo Jumamosi kwenye gulio la Lyulilo karibu na Matema, utawakuta akina mama wa Kikisi wakiuza vyungu vinavyoletwa kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Ufinyanzi huo ni kazi ya wanawake tangu zamani, na vyungu vyao vimesambaa kuzunguka ziwa. Walikuwa wafanyabiashara kabla Mjerumani hajafika, lakini daftari lililotafuta mali kwa kuangalia wanaume na nyumba zao halikuwa na safu kwa ajili yao. Ukitumia jinsia kama dalili unamtoza asiye na kitu, na papo hapo humwoni mwenye kitu.

Wakati mwingine dalili hizi zilizaa moto. Mwaka 1929 kusini mashariki mwa Nigeria kuhesabiwa kwa wanawake huko Oloko kuliwafanya waamini kwamba sasa zamu yao ya kutozwa kodi imefika. Maelfu waliandamana, na zaidi ya wanawake 50 waliuawa kwa risasi. Hapa kwetu, Upareni mwaka 1945, watu walikataa kodi mpya iliyoitwa mbiru, iliyotaka kila mtu apimwe mali yake na kamati za watawala wa jadi. Wanaume wakaenda kukaa Same kudai ifutwe, na baadaye wanawake nao wakaingia katika maandamano ingawa kodi haikuwa na majina yao. Walijua inakotoka. Mbiru ikafutwa.

Tulipopata Uhuru kodi ya kichwa haikuondoka siku hiyo. Ilifutwa 1969, ikarudi kwa sheria ya fedha za serikali za mitaa ya 1982 kwa jina la kodi ya maendeleo, ikaondoka tena 2003. Wengi wetu tunaosoma hapa tulikuwa watoto au hatujazaliwa. Lakini waulize wazazi kuhusu mgambo waliosimama njiani siku ya soko kudai stakabadhi.

Akiikimbia, anakimbilia wapi?

Sasa niunganishe ncha hizi mbili. Kodi si bima, najua. Kodi inauliza una uwezo kiasi gani, bima inauliza una hatari kiasi gani. Lakini kazi ya karani wa Tukuyu na kazi ya mkokotoaji wa bima ni ndugu: wote wawili wanatafuta kitu kisichoonekana kwa kutumia dalili inayoonekana. Na wote wawili wakiulizwa kuhusu haki hujibu kwa neno moja, takwimu.

Mimi nasema takwimu zikiwa sahihi bado kuna swali la pili la kuuliza, na swali hilo tumefundishwa na ufukwe wetu wenyewe: mtu akitaka kuikimbia bei hii, atakimbilia wapi?

Bei ikiwa kwa mwendo kasi, atakayeikimbia atapunguza mwendo. Ikiwa kwa ukubwa wa injini, atanunua gari dogo. Ikiwa kwa rekodi ya ajali, atakuwa makini. Hapo hata anayeikimbia anatufaa sote barabarani. Bei ikiwa kwa nyumba, atabomoa nyumba. Ikiwa kwa idadi ya wake, mjane atakosa wa kumpokea. Hapo kila anayeikimbia anamuumiza mtu asiyekuwa na neno kwenye mpango huo.

Na bei ikiwa kwa jinsia? Hakuna pa kukimbilia. Kijana mwangalifu wa Ipinda anaweza kuendesha miaka 10 bila mkwaruzo na bado akabaki kijana wa kiume. Mwaka 2018 vyombo vya habari vya Canada viliripoti habari za mwanamume mmoja wa Alberta aliyebadilisha jinsia kwenye vyeti vyake, mwili ukiwa ule ule, ili bima ya gari alilotaka kununua ishuke kwa zaidi ya dola 1,000 kwa mwaka. Tunaweza kucheka, lakini alifanya alichofanya yule aliyebomoa nyumba kabla karani hajapita: bei ilikuwa kwenye dalili, naye akaigusa dalili. Uendeshaji wake haukubadilika hata kidogo.

Naijua hoja ya dada zangu, na ni hoja nzito kuliko wanaume wengi wanavyokubali. Kama jinsia haiangaliwi, mwanamke mwangalifu anachangia madeni ya vijana wakorofi. Kwa nini avumilie? Jibu langu ni kwamba asivumilie. Adai apimwe yeye, kwa alivyoendesha, apate punguzo kwa miaka aliyokaa bila madai. Punguzo hilo ni lake, hakuna anayeweza kumnyang'anya siku takwimu zikigeuka. Punguzo analopewa kwa kuwa mwanamke ni la kuazima, na mkopeshaji ni yule yule atakayekuja na jedwali la pensheni mkononi.

Tena kupima kitendo si ndoto. Mabasi yanayoshuka milima ya Rungwe kuja Kyela tayari yamo katika utaratibu wa kufungwa kifaa kinachotuma taarifa za mwendo kwa LATRA. Kama tunaweza kujua basi lilikimbia kiasi gani Tukuyu, tunaweza siku moja kujua gari dogo linaendeshwaje bila kuuliza aliyeshika usukani ni ME au KE. Yapo maswali ya faragha hapo, na lazima yaulizwe. Lakini ni maswali bora kuliko lile la nani amezaliwa nani.

Katiba yetu inasaidia. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na mabadiliko ya mwaka 2000 yaliliingiza waziwazi neno jinsia katika tafsiri yake. Hakuna haja ya kusubiri kesi kama ya Luxembourg. TIRA inapanga viwango vya chini tayari, inaweza kuweka mstari mapema, kabla kampuni ya kwanza haijatangaza bima ya pinki kwa akina mama: pimeni gari, pimeni mwendo, pimeni rekodi, jinsia iacheni.

Na mjue punguzo lolote la kike likija leo litaangukia wapi. Bima inakatwa kwa mwenye gari. Kwenye familia nyingi kadi ya gari ina jina la baba hata kama mama ndiye anayepeleka watoto shule na mchele sokoni. Halafu kuna mtakalofanya ninyi wajanja wa mjini, msinidanganye: magari yote yataandikwa majina ya wake na dada, na vijana wale wale wataendelea kulala kwenye kona zile zile. Mwanamke atakuwa amerudi kuwa kifaa cha kupimia mfuko wa mwanamume, safari hii kwa hiari na kwa stika.

Kodi ya mke wa pili iliondoka na wakoloni walioileta. Sioni sababu ya sisi wenyewe kuirudisha kupitia dirisha la bima.